Nusu ya Ukame, Nusu ya Bwawa: Jinsi Kushuka kwa Ziwa Victoria Kulivyopimwa Kutoka Angani

Kati ya mwaka 2003 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka kwa zaidi ya mita moja. Ukitamka haraka, mita moja haitishi. Lakini ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na mita moja iliyosambaa juu ya eneo hilo ni karibu kilomita za ujazo 69 za maji. Kwenye mialo, mitumbwi iliachwa kwenye tope. Meli zikapata shida kufunga gatini, na miji inayokunywa maji ya ziwa ikaona midomo ya mabomba yake ikikaribia uso wa maji. Huko Uganda mgawo wa umeme ukawa mkali.

Swali lililozuka halikuwa la kitaalamu tu. Je, ni ukame, au ni bwawa la Jinja? Ukame ulikuwepo kweli, wala hakuna aliyeukana. Watanzania wanaokumbuka mwaka 2006 wanakumbuka pia bwawa la umeme la Mtera lilivyokauka na giza lililofuata. Lakini Jinja, pale Nile inapotokea ziwani, palikuwa na jambo jipya. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2000 kikaanza kufanya kazi kituo cha pili jirani yake, Kiira. Tangu hapo njia za kupitishia maji zikawa nyingi kuliko zamani.

Bwawa la kwanza lilikuja na sharti. Uingereza, iliyoitawala Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba maji yatakayotolewa yafuate kimo cha ziwa: ziwa likipanda, toa zaidi, likishuka, punguza. Kiasi cha kutoa kwa kila kimo kilichorwa kwenye grafu kwa kufuata jinsi maji yalivyokuwa yakitoka yenyewe kabla maporomoko ya Ripon, pale Nile ilipotokea ziwani, hayajamezwa na bwawa. Nitaiita Grafu ya Makubaliano. Maana yake ni kwamba bwawa lilitakiwa kuendeshwa kana kwamba halipo.

Je, kuivuka grafu hiyo kidogo kunaleta tofauti? Tupige hesabu. Chukua mita za ujazo 300 kwa sekunde juu ya kiwango kinachoruhusiwa, na uziache zitoke mwaka mzima. Ni kilomita za ujazo tisa na nusu hivi, yaani sentimita 14 za kimo cha ziwa lote. Kwa miaka mitatu mfululizo inakuwa sentimita 42. Hapo mtu hawezi tena kusema bwawa ni tundu dogo kwenye ziwa kubwa.

Februari 2006, mtaalamu wa maji Daniel Kull, aliyekuwa akiishi Nairobi, alitoa ripoti iliyokadiria kwamba asilimia 55 ya kushuka kwa ziwa katika miaka ya 2004 na 2005 ilitokana na kutoa maji kupita kiasi, na asilimia 45 ilitokana na ukame. Ripoti hiyo ilizua mabishano makubwa. Udhaifu wa hesabu ya aina hiyo unajulikana: inasimama juu ya takwimu za maji yaliyotolewa, na takwimu hizo ziko mikononi mwa wanaoendesha mitambo. Asiyeamini matokeo atasema namba zako si sahihi, na wewe huna njia ya kumjibu.

Ndipo ninapoiona thamani ya kazi iliyochapishwa mwaka 2009 na Sean Swenson na John Wahr katika jarida la Journal of Hydrology. Hawa wawili waliuliza swali lile lile bila kuomba hata namba moja kutoka Jinja. Walitumia vyombo vya angani ambavyo havijui kama kuna bwawa.

Chombo cha kwanza ni rada ya kupima kimo. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa Agosti 1992, na mwaka 2001 ikafuatwa na Jason-1 katika njia ile ile. Zilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Kutoka kimo cha kilomita 1,336, rada hupiga mawimbi wima kwenda chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua karibu sehemu tisa za elfu moja za sekunde. Ugumu uko kwenye usahihi: ukikosea muda huo kwa sehemu 67 za trilioni moja za sekunde, umekosea sentimita moja. Juu ya hapo kuna mvuke angani unaochelewesha mawimbi, kuna upepo unaosukuma maji upande mmoja wa ziwa, na ni lazima ujue setilaiti yenyewe ilikuwa wapi kwa usahihi wa sentimita chache. Yote hayo husahihishwa moja baada ya jingine.

Setilaiti hizo zilikuwa zikirudi juu ya mstari ule ule kila baada ya siku 10. Hazikuona pembeni, zilipima chini yake tu, na duara la rada juu ya maji lilikuwa na upana wa kilomita kadhaa. Ndiyo maana ziwa dogo, au ghuba nyembamba kama ile ya Winam huko Kisumu, huzitia shida, kwa sababu mwangwi wa nchi kavu huchanganyika na wa maji. Katikati ya Ziwa Victoria hakuna tatizo hilo. Pale ziwa ni pana kiasi cha kuwa bahari machoni pa rada, na kimo hupatikana kwa kosa la sentimita chache tu. Takwimu hizi Idara ya Kilimo ya Marekani pamoja na NASA huzichapisha bure, na msomaji mwenye simu anaweza kuiona grafu ya ziwa lake.

Chombo cha pili kinanistaajabisha zaidi. Machi 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti pacha zilizopewa jina la GRACE. Hazikupiga picha ya dunia wala hazikutuma rada chini. Zilifuatana kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, moja ikiwa kilomita 220 mbele ya mwenzake, na kazi yao ilikuwa kupimana umbali. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mkubwa, mvutano wa pale huivuta, nayo ikatangulia kidogo. Kisha ya nyuma huvutwa nayo. Mabadiliko ya umbali kati yao hupimwa hata yakiwa madogo kuliko unene wa unywele, na mabadiliko hayo yakikusanywa kwa mwezi mzima hutoa ramani ya mvutano wa dunia. Linganisha ramani ya mwezi huu na ya mwezi kama huu mwaka jana: milima haijahama, kwa hiyo kilichobadilika, kwa sehemu kubwa, ni maji. Maji ya aina zote: ya ziwani, ya mitoni, ya kwenye udongo na ya chini ya ardhi, yote kwa pamoja.

Ubaya wake ni kwamba ramani hiyo haina makali. GRACE huona eneo la mamia ya kilomita kama doa moja, na peke yake haiwezi kukuambia maji yaliyopungua ni ya ziwani au ni ya mashamba ya Shinyanga. Hapo rada inaingia. Kimo cha ziwa kikijulikana, uzito wa maji yake unajulikana. Ukiutoa kwenye jumla, kinachobaki ni hali ya nchi kavu inayolizunguka.

Kisha linafuata wazo lenyewe, na ni wazo jepesi kwa namna inayostahili heshima. Ukame hauchagui. Mvua ikikosekana, udongo wa bonde zima hukauka na ziwa hushuka, viwili hivyo kwa pamoja. Ziwa likishuka kuliko ukavu wa bonde lake unavyoweza kueleza, ziada hiyo ina sababu nyingine. Swenson na Wahr walitazama miaka ya 2003 hadi 2008, wakachunguza maziwa kadhaa ya ukanda wa Bonde la Ufa. Waliona hazina ya maji ya Afrika Mashariki ikipungua katika sehemu kubwa, hadi milimita 60 kwa mwaka, na kushuka kukubwa kuliko kote kukiwa Ziwa Victoria. Hali ya hewa, walihitimisha, inaeleza takriban nusu tu ya kushuka huko.

Kull alikuwa amefika karibu na hapo hapo kwa njia tofauti kabisa na kwa kipindi tofauti. Njia mbili zisizoazimana takwimu zikikutana, mtafiti ana haki ya kusema kwa sauti. Hukumu yangu ni kwamba baada ya mwaka 2009 haikuwezekana tena kuusingizia ukame peke yake.

Hata hivyo "takriban nusu" si nusu kamili, na kuna mahali ninapoitilia shaka hesabu. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Nzoia, Mara, Simiyu na mito mingine huleta kilichobaki. Na mvua ya ziwani haina ratiba moja na ya nchi kavu. Wavuvi wa dagaa wanaijua vizuri: ngurumo kubwa huzuka ziwani usiku, wakati vijiji vya ufukweni vimetulia. Kwa hiyo ukavu wa udongo wa bonde ni shahidi mzuri wa ukame, lakini si shahidi kamili wa kilichonyesha katikati ya ziwa. Vipimo vya mvua vilivyoko nchi kavu navyo havifiki huko. Setilaiti ya mvua ya Marekani na Japani, TRMM, iliyorushwa mwaka 1997, ilisaidia, ila mvua ni kitu kigumu kukipima kutoka angani kuliko kimo cha maji.

Hesabu ya maji ya ziwa ni kama daftari la duka: mvua na mito upande wa mapato, mvukizo na Nile upande wa matumizi. Mvukizo ndio matumizi makubwa kuliko yote, na ndio usio na stakabadhi. Nile ndiyo yenye stakabadhi safi kuliko yote, kwa kuwa hupita kwenye milango iliyojengwa na watu na kufunguliwa na watu. Inauma kwamba mstari rahisi kuliko yote daftarini ndio uliohitaji setilaiti kutoka nchi za mbali ili uhakikiwe.

Tangu hapo ziwa limegeuka upande wa pili. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, Mei 2020 lilivuka rekodi yake ya mwaka 1964 na kuzamisha nyumba na mashamba ya watu katika Tanzania, Kenya na Uganda. Swali la bwawa likarudi likiwa limepinduliwa: kwa nini hayatolewi maji zaidi? Vyombo sasa ni bora. GRACE ya pili iko angani tangu Mei 2018. Desemba 2022 ilirushwa SWOT, ambayo haipimi mstari mmoja bali ukanda wenye upana wa kilomita 120, na inaweza kusoma hata ziwa lenye upana wa mita 250. Naivasha, Baringo na Manyara sasa yanaweza kufuatiliwa kwa namna ambayo zamani ilikuwa ya maziwa makubwa tu.

Lakini hakuna setilaiti itakayofunga nusu iliyobaki ya shaka. Hiyo inahitaji vipimo vya mvua visiwani, Ukerewe, Ssese na Rusinga, na vipimo vya mito visivyosombwa na mafuriko. Inahitaji pia takwimu za kila siku za maji yanayotolewa Jinja, zilizowekwa hadharani mahali pamoja na takwimu za mvua za Tanzania, Kenya na Uganda, ili mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA, Maseno au Makerere aweze kurudia hesabu hii mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wizara za maji za nchi hizi na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria zifanye kazi hiyo sasa, kabla ukame mwingine haujaanza.