Salama Tu: Kumsoma Shklovsky Kando ya Kitanda cha Bibi

Asubuhi ile nilimpigia Bibi simu nikiwa kwenye daladala, kama nilivyofanya kila Jumamosi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba." "Umeamkaje?" "Salama." "Habari za hapo nyumbani?" "Nzuri." "Wote hamjambo?" "Hatujambo." Konda akafika kudai nauli, nikamwambia Bibi nitampigia baadaye, akasema haya. Hatukumaliza hata dakika moja. Nilishuka kituoni nikiwa na hakika kwamba Muheza hakuna baya.

Saa nane mchana jirani aliyekuja kuazima kinu alimkuta amekaa kwenye mkeka, simu mapajani, mkono wa kulia umelegea. Alimsalimu, Bibi akajibu vizuri tu. Akamuuliza kapatwa na nini. "Nzuri." Akamuuliza kama amekula. "Nzuri." Hapo ndipo jirani alipopiga yowe.

Kilikuwa kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, na daktari alipouliza maswali yake na kuhesabu saa alisema kilikuwa kimeshampata kabla sijapiga simu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya takriban saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mimi nilikata simu saa mbili asubuhi. Hospitali aliyopelekwa haikuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo, na bila picha dawa hiyo haitolewi, kwa hiyo hesabu yangu haina maana. Najua. Bado naihesabu.

Naeleza haya kwa sababu muhula huohuo, kwenye semina ya nadharia ya fasihi, tulikuwa tunamsoma Viktor Shklovsky, na nadhani hakuna mtu darasani aliyemsoma kwa hasira na kwa mapenzi kama mimi. Insha yake maarufu, ile inayosema kwamba sanaa ni mbinu, ilitoka mwaka 1917. Alikuwa na miaka 24, umri wa wengi wetu kwenye semina ile. Hoja yake ni nyepesi kueleza na nzito kubeba: kitu tukikizoea hatukioni tena. Tunakitambua tu, kama unavyolitambua geti la kwenu bila kuliangalia. Mazoea, anasema, hula vitu: nguo, samani, mke, hata hofu ya vita. Kazi ya sanaa ni kuturudishia kitu hicho kwa kukifanya kigeni, ili jiwe liwe jiwe tena.

Ushahidi wake mmoja anauchukua kwenye shajara ya Tolstoy. Tolstoy alikuwa akifuta vumbi chumbani mwake, akafika kwenye kochi, akashindwa kukumbuka kama ameshalifuta au bado. Kama alilifuta bila kujua, anawaza Tolstoy, basi ni sawa na kutolifuta. Na kama maisha ya watu wengi yanapita hivyohivyo bila kujijua, basi ni kama hayajawahi kuwako. Kuna kichekesho kidogo hapa ambacho watafsiri wamekibainisha. Shklovsky aliandika kwamba maneno hayo ni ya tarehe 29 Februari 1897. Mwaka huo haukuwa na tarehe 29 Februari. Tarehe yenyewe ni 1 Machi. Mkono wa mtu aliyekuwa akitukanya juu ya kuandika kwa mazoea ulijiandikia siku ambayo haipo, na nilipoligundua hilo nilimpenda zaidi.

Lakini wakati ule sikuwa nacheka. Kochi la Tolstoy lilikuwa simu yangu. Nilimsalimu Bibi au sikumsalimu? Nilimsikia au sikumsikia? Nikaandika kazi ya semina yenye kurasa kumi na mbili nikiishambulia salamu ya Kiswahili. Nililivunja neno "sijambo" kama Shklovsky alivyotufundisha: sijambo, sina jambo. Bibi alikuwa na jambo. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kumpata, na lugha yetu ikamtuma kukana kwamba analo. Niliandika kwamba tumejenga ukuta wa heshima ambao nyuma yake mtu anaweza kufa huku akijibu nzuri. Nikamleta Kezilahabi upande wangu, kwamba Kichomi ya 1974 ilikuja kutuokoa na vina na mizani vilivyokuwa vikijiendesha vyenyewe vinywani mwa washairi. Nilipata alama nzuri. Leo sikubaliani na kurasa kama tisa kati ya zile kumi na mbili.

Kilichonibadilisha ni wiki sita za likizo Muheza, nikilala chumba kimoja na mtu aliyebakiwa na mazoea peke yake.

Hali ile madaktari huiita afasia, na kisa chake mashuhuri kabisa ni cha mwaka 1861 huko Paris. Mgonjwa aliyeitwa Leborgne alikuwa ameishi zaidi ya miaka ishirini hospitalini akiweza kusema silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akaonyesha sehemu iliyoharibika, mbele, upande wa kushoto. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba Leborgne alipokasirika sana, tusi zima lilimtoka, limekamilika, bila kigugumizi. Miaka michache baadaye daktari wa Kiingereza, John Hughlings Jackson, akalipa jambo hilo uzito: kuna usemi wa kuunda, ambao mtu hupanga maneno mapya ili aseme jambo, na kuna usemi unaojiendesha, viapo, matusi, maneno yaliyosemwa mara elfu. Wa kwanza huweza kuvunjika na wa pili ukabaki. Siku hizi usemi huo wa pili huhusishwa na nusu ya kulia ya ubongo na sehemu za ndani kabisa, zilezile zinazotuwezesha kupanda baiskeli tukiwaza mengine.

Bibi hakuwa na matusi. Alikuwa na salamu. Alikuwa na Alhamdu, kuanzia mwanzo hadi amina, haikosi hata irabu, na mara tu alipoitikia amina alishindwa kuomba maji. Ukimwanzishia moja, mbili, alikwenda hadi kumi. Ukimuuliza ana watoto wangapi, machozi yalimlenga. Mama alikuwa akihesabu naye kwa sauti hadi wafike sita, kisha anakaa kimya, ili Bibi naye akae kimya, na hapo wanakuwa wamesema idadi ya watoto. Hakuna aliyemfundisha Mama ujanja huo.

Nilikuwa nimebeba nakala ya Shklovsky, ile tafsiri ya Kiingereza ya 1965, nikiisoma kando ya kitanda, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyoona kwamba kuna kitu hakisemi. Shklovsky anazungumza kama vile kilichozoeleka ni takataka ya kufagiliwa ili tukione kitu. Chumbani mle kilichozoeleka kilikuwa ndiyo sakafu. Wageni walipoingia na kumsalimu, Bibi alikuwa mwenye nyumba. Aliwaitikia marahaba watoto wa jirani kwa sauti ileile ya zamani, wakatoka nje wakiamini Bibi anaendelea vizuri. Walidanganyika, ndiyo. Lakini yeye alikuwa amepewa nafasi yake ya utu uzima mara kumi kwa siku, na sikuona shairi lolote lililokuwa likimfanyia hivyo.

Tena kuna jambo la simu. Lilinijia usiku, kwenye wiki ya tatu, nikakaa kitandani. Bibi hakuwahi kuniitikia "marahaba" ikaishia hapo. Tangu nikiwa mtoto, kwa utani wa bibi na mjukuu wake, aliniitikia "marahaba, mume wangu", halafu akaniuliza kama nimemletea mkate. Kila Jumamosi. Ile Jumamosi alisema "marahaba", akanyamaza.

Alikuwa ameniambia. Salamu haikuficha kitu. Ilikuwa na pengo la maneno mawili, na mtu aliyekuwa anasikiliza mazoea yenyewe angelisikia kama unavyosikia ngazi iliyokosa kipandio kimoja gizani. Sisi wenyewe tunalijua hili. Nani katika nchi hii hupeleka habari mbaya kwa kuanza nayo? "Hatujambo, ila mtoto ndiyo hivyo." "Salama, lakini si sana." Anayeuliza huwa hasikilizi ile "nzuri". Anasikiliza urefu wake, kinachofuata baada yake, pumzi. "Nzuri" imezoeleka sana hivi kwamba mkwaruzo mdogo juu yake unasikika. Mimi nilikuwa nazungumza na konda. Kwa hiyo kurasa tisa nilizoilaumu lugha zilikuwa za kumlinda mtu mmoja, na si Bibi.

Nikarudi kwenye insha na swali jingine. Ugeni anaousifu Shklovsky, unaonekana geni mbele ya nini? Mfano wake mkubwa ni hadithi ya Tolstoy inayosimuliwa na farasi, Kholstomer, farasi asiyeelewa kwa nini binadamu hupenda sana kusema "yangu". Ni mfano mzuri ajabu, na siku za Muheza nilikuwa nikimfikiria farasi yule kila niliposubiri neno "wangu" lirudi baada ya "mume". Lakini farasi anatushtua kwa sababu sisi tumeshasema "yangu" tangu utotoni bila kufikiri. Asiye na mazoea hayo angeisoma hadithi ile kama taarifa ya mifugo. Ni hivyohivyo kwa Kichomi. Sikio lililolelewa na utenzi, mizani nane kila mstari, kina cha mwisho kikirudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho wa utungo, ndilo linalosikia Kezilahabi anapoacha kukirudisha. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuhifadhi hata ubeti mmoja husoma mashairi yale kama sentensi zilizokatwakatwa. Nimewafundisha wanafunzi wa namna hiyo. Hawakushtuka hata kidogo, nami nikadhani tatizo ni wao.

Shklovsky mwenyewe, katika insha hiyohiyo, anavitumia vitendawili kama ushahidi. Kitendawili hukiita kitu kwa jina lisilo lake ili ukione upya, na hapo yuko sahihi kabisa. Yai ni nyumba isiyo na mlango. Ila ameichukua picha ameacha kinachoitangulia. Kwetu hakuna anayekurupuka kusema nyumba yangu haina mlango. Unasema "Kitendawili!" na wenzako wanasema "Tega!" na neno hilo hawalifikirii zaidi ya wanavyofikiria kupepesa macho. "Paukwa!" "Pakawa!" ni hivyohivyo: muulize mtoto anayeitika maana yake ni nini, atakutazama tu. Ni mazoea matupu, na sanaa nzima imeketi juu yake. Kiitikio kile humwambia kila mtu kwamba sasa tumekubaliana, sasa vitu vinaruhusiwa kuwa vigeni. Ukikifuta, kama Shklovsky anavyotaka kufuta kila kinachojiendesha, unabaki na mtu anayeropoka kuhusu nyumba.

Sisemi salamu zetu hazina lawama. Nesi mmoja alimsalimu Bibi kila asubuhi kwa siku nne akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anazungumza. Hapo Shklovsky angesimama upande wangu na ningemkaribisha. Ninachokataa ni ile dharau iliyomo kwenye insha, na iliyokuwamo kwenye semina yetu, kwamba kinachosemwa bila kufikiri hakikusemwa na mtu.

Siku mbili kabla sijarudi Dar es Salaam, usiku, umeme umekatika, nilimwambia, "Kitendawili."

"Tega," akasema, haraka, kabla hata sijafunga mdomo.

"Nyumba yangu haina mlango."

Akaninyamazia. Nilimsikia akitafuta, ile sauti ndogo ya ulimi inayokwenda na kurudi. Alikuwa amenitegea mimi kitendawili hicho labda mara mia. Nikasubiri sana, kisha nikasema kama inavyotakiwa, "Basi nipe mji."

"Pangani," akasema.

Kwa wiki sita hakuwa ametaja jina la mahali popote. Pangani ndiko alikozaliwa, na ndio mji aliokuwa akinipa kila aliposhindwa, hata nilipokuwa na miaka mitano na ameshindwa kwa makusudi. Nilipoliandika tukio hili kwenye rasimu mpya ya kazi yangu, mwalimu aliweka alama ya kuuliza pembeni: je, alinipa mji au aliropoka mazoea? Sijaifuta alama ile wala sijaijibu. Usiku ule niliupokea mji, nikamwambia nimekwenda Pangani, nimekula samaki na nazi za huko zote, nimerudi, na kwenye nyumba ile nimekuta kiini cha njano.

"Haya," akasema.

Nikampa jibu.