Kioo cha Risasi na Germaniamu: Jinsi ya Kukijua Kilicho Bora

Anza na mkono. Kioo cha oksidi ya germaniamu peke yake kina takriban gramu 3.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na kadiri oksidi ya risasi inavyoongezwa ndivyo kinavyozidi kulemea. Ukipewa kipande chepesi, mwulize fundi alichanganya nini.

Rangi usiihukumu haraka. Umanjano hafifu ni wa kawaida, hasa risasi ikiwa nyingi. Cha kutilia shaka ni ukijivu au vidoadoa vyeusi: huenda tanuri lilikosa hewa, na sehemu ya oksidi ikarudi kuwa metali.

Sasa kishike mbele ya taa ndogo, kivuli chake kiangukie ukuta mweupe. Michirizi inayopindapinda, mfano wa sukari inapoyeyuka katika maji yasiyokorogwa, ni dalili kwamba uji wa kioo haukuchanganyika sawasawa. Viputo viwili vitatu navivumilia; michirizi hapana, maana lenzi itakayochongwa humo itapotosha taswira.

Fuwele ndizo zinazompima fundi. Oksidi ya germaniamu huyeyuka kwenye nyuzi 1115 za Selsiasi, ya risasi kwenye 888. Zikikutana, molekuli tano za oksidi ya risasi kwa tatu za oksidi ya germaniamu, zinayeyuka karibu na nyuzi 738 tu. Lakini uwiano huohuo hujipanga upesi kuwa fuwele, ambazo wanafizikia huzithamini kwa tabia zake za umeme, ila ndani ya kioo ni kasoro. Kwa hiyo fundi humimina na kupoza upesi, kisha hukirudisha kioo katika tanuri la joto la chini kipoe polepole. Akichelewa mwanzoni, ukungu mweupe huota usoni na kingoni. Kagua hapo kwa lenzi. Akiharakisha mwishoni, mkazo hubaki ndani. Kiweke kati ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyokingamana: kilichotulia hubaki cheusi, chenye mkazo hutoa mabaka ya mwanga na rangi.

Kasoro moja jicho haliioni, nayo ni maji. Kioo hiki hutafutwa kwa sababu hupitisha infraredi mbali kuliko kioo cha silika, lakini unyevu ulionaswa wakati wa kuyeyusha huumeza mwanga huo karibu na mikromita 3. Dai mchoro wa upitishaji mwanga wa kipande chenyewe. Muuzaji asiyekuwa nao, usimlipe.