Asubuhi ya Mei na Walioshindwa: Kumsoma Upya Izaak Walton

Kitabu cha Izaak Walton, The Compleat Angler, kilitoka London mwaka 1653, na tangu hapo kimesomwa zaidi kama kitabu cha mapumziko. Mvuvi wa mshipi anakutana na wasafiri wenzake asubuhi moja ya Mei kaskazini mwa London, wanaandamana kuelekea mto Lea, wanazungumza juu ya trauti, chambo na ndoana, wanakula samaki katika nyumba ya wageni ambayo mashuka yake yananukia lavenda, kisha wanalala. Hakuna vita wala mabishano ya dini. Msomaji anayekichukua kitabu hiki kama mwongozo wa uvuvi atakifurahia, lakini atakuwa amepita juu ya maji bila kuona kina chake.

Walton alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mfuasi wa mfalme, na muumini wa Kanisa la Anglikana. Kitabu chake kilipochapishwa, mfalme alikuwa amekatwa kichwa miaka minne nyuma, maaskofu walikuwa wameondolewa madarakani, na Kitabu cha Sala kilikuwa kimepigwa marufuku. Mwaka 1651, baada ya jeshi la mfalme kushindwa huko Worcester, Walton mwenyewe alishiriki kuificha na kuivusha nishani ya kito iliyokuwa mali ya mfalme mkimbizi. Nyumbani kwake nako msiba ulikuwa umetangulia: watoto wote wa ndoa yake ya kwanza walifariki wakiwa wadogo, na mama yao alifariki mwaka 1640.

Hayo yote hayatajwi kitabuni. Hata hivyo hata huo mwezi wa Mei haukuwa na usalama. Bunge lilikuwa limepiga marufuku milingoti ya sherehe za Mei tangu 1644, kwa hiyo kuwaanzisha watu safari katika asubuhi ya Mei, wakiwa na furaha, kulikuwa tayari ni kusema jambo. Vivyo hivyo kwa sentensi ya mwisho, ambapo Walton anaazima maneno ya Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kujizoeza utulivu. Kwa mtu wa upande uliotawala ni nasaha njema tu. Kwa mtu wa upande ulioshindwa ni namna ya kuendelea kuishi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika nyimbo. Msichana mkamua maziwa anaimba wimbo wa Marlowe, ambamo mchungaji anamwita mpenzi wake waishi pamoja kati ya maua. Mara tu anapomaliza, mama yake anaimba jibu ambalo Walton analihusisha na Raleigh: maua hunyauka, na ahadi za vijana huzeeka pamoja nao. Baadaye, mvua ikiwa imewapeleka wavuvi chini ya ua wa mimea, linasomwa shairi la George Herbert juu ya siku, waridi na majira ya kuchipua, vyote vikiwa na mwisho wao. Herbert alikuwa kasisi wa kanisa lilelile lililofungwa mdomo. Walton hawezi kuitazama kuchipuka kwa nchi bila kumleta mtu wa kusema kwamba kunakufa. Anachokifanya ni kumpa kazi hiyo mama mkamua maziwa na kasisi marehemu, yeye akiendelea kufunga chambo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kipimo cha karibu ni Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate uso kwa uso, akauonyesha moyo wake kumbi zilizokuwa na taa na sasa zina popo na mende. Washairi wote wawili (na Walton astahili jina hilo, ingawa aliandika nathari) wanaomboleza ulimwengu uliokwisha. Mmoja anaingia ndani ya gofu na mwingine anatoka nje kwenda mtoni. Ni rahisi kumwona wa pili kuwa mwoga. Lakini Pate ilikuwa imeshaanguka, na aliyeishi London ya 1653 alikuwa na mtawala mlangoni.

Utulivu huo, hata hivyo, una mahali unapochanika. Akifundisha namna ya kumtunga chura hai kwenye ndoana, Walton anamtaka mvuvi amshike kana kwamba anampenda. Byron, katika Don Juan, alimtamania mzee huyo ndoana kooni na trauti mdogo wa kuivuta. Kejeli hiyo ina haki yake. Upole wa Walton unawahusu binadamu wa kundi lake; kiumbe cha mtoni ni chombo tu, na lugha ya mapenzi inatumika kufunika hilo.

Charles Cotton, rafiki yake kijana aliyeongeza sehemu ya pili mwaka 1676, hana uficho wa namna hiyo. Yeye ndiye mjuzi halisi wa nzi wa bandia, yaani unyoya, manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana kuigiza mdudu anayezuka majini. Anawapanga mwezi kwa mwezi, na anataka mshipi mwembamba urushwe mbali, kwani trauti huona. (Mfasiri atakayeyaita majira hayo masika ataufurisha mto Dove na kuwapoteza wadudu wote.) Nathari ya Cotton ni kavu kuliko ya Walton, na ni ya kweli zaidi kwa samaki. Lakini ameandika baada ya mfalme kurudi. Hana la kunyamazia, na ndiyo sababu sehemu yake husomwa na wavuvi tu.

Jambo ambalo wahakiki wa Kiingereza hulipita haraka ni safari ya utulivu huu baada ya Walton. Mwaka 1905 trauti kutoka Uskoti walitiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua iliyokuwa ikiitwa Aberdare. Walowezi waliowavua walikuwa na urithi wa mto Lea vichwani: asubuhi baridi, maji maangavu, kimya, na nyumba ya wageni yenye moto. Safari hii, hata hivyo, waliokuwa wamenyang'anywa hawakuwa wavuvi. Walikuwa Wakikuyu wa miteremko ileile, watu ambao kijadi hawakula samaki, na ambao walimtazama mgeni akisimama majini ndani ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu, akijizoeza utulivu.