Bei ya Mche Uliokufa

Shule nyingi zina kitalu, na vitalu vingi vina bango lenye jina la mfadhili. Mwalimu wa kilimo ninayetaka kumsifu, wa sekondari moja mkoani Njombe, hana bango. Ana viriba, visu vitatu, daftari kubwa la hesabu, na subira ambayo sijaikuta kwa wengi wanaolipwa kufundisha ujasiriamali kwenye kumbi za hoteli.

Mradi wenyewe ni wa miche ya parachichi ya kubebesha. Mingine wanafunzi wanawauzia wakulima, mingine wanaipeleka kwa majirani wasio na uwezo, hasa wazee wanaolea wajukuu. Huko wanachimba mashimo, wanapanda, na wanarudi kuangalia kama imeshika. Hadi hapo hakuna la ajabu.

Kazi inaanzia mikononi. Mbegu ya parachichi la kienyeji hukaa kwenye kiriba upande mpana chini, ncha juu. Kiriba kikijazwa ovyo, hewa inabaki katikati na mzizi unateseka. Shina likifikia unene wa penseli hukatwa, hupasuliwa katikati, kisha kikonyo cha parachichi aina ya Hass kilichochongwa kama kabari huchomekwa humo. Hapo ndipo penye ugumu: utando wa kijani ulio chini ya gamba la kikonyo sharti ugusane na ule wa shina, walau upande mmoja. Ukiukosa kidogo tu, kikonyo hukaa kijani siku kadhaa kikikudanganya, halafu kinakauka. Mwalimu akishaonyesha mara chache, haingilii tena. Anachodai ni kila mmoja aandike jina lake kwenye kiriba alichofunga nailoni.

Wiki kadhaa baadaye wanahesabu iliyoshika na iliyokufa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Anaandika ubaoni mfano: viriba 400, gharama zote shilingi 560,000. Mche mmoja umegharimu kiasi gani? Darasa zima linajibu 1,400. Wengine tayari wanapanga kuuza kwa 1,800 na kufurahia faida. Anawaacha wafurahi. Kisha anauliza ni mingapi iliyo hai. Tuseme 280. Kimya kinaingia, kalamu zinafanya kazi, na mmoja anainua kichwa: kila mche ulio hai umebeba 2,000, kwa sababu unawalipia na wenzake waliokufa. Angeweza kulisema hilo mwenyewe kwa nusu dakika. Anajua kwamba likitoka kinywani mwake litaishia kwenye mtihani.

Wazo la kumwachia mwanafunzi afikiri na kuamua si geni nchini. Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, hakutaka wanafunzi walime tu. Alitaka washiriki kuamua, hata namna ya kutumia fedha waliyoizalisha. Shule nyingi zilichukua jembe zikauacha uamuzi ofisini. Baadaye jembe likawa adhabu ya wachelewaji, na sijui ni njia gani bora kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto kuichukia ardhi.

Mwalimu huyu ameurudisha uamuzi kwa wanafunzi. Kwa mfano, anawasimulia habari za Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California aliyepata hataza ya mparachichi wake mwaka 1935 na kufaidika kidogo mno, kwa kuwa mkulima alinunua mche mmoja, akakata vikonyo na kubebesha shamba zima. Darasa hugawanyika: wengine wanamwonea huruma Hass, wengine wanamsifu mkulima. Mwalimu anawauliza tu vikonyo vyao wenyewe wamevikata kwenye mti wa nani, na kama mwenye mti amelipwa.

Kuna bibi mmoja aliyekataa msaada. Wanafunzi walimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza maelezo yao mpaka mwisho, kisha akasema, "Wajukuu zangu, vya bure mimi sipandi. Ukizaa nitawalipa." Mparachichi wa kubebesha huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Waliokuwa mbele yake walikuwa kidato cha tatu. Ukizaa hawatakuwepo shuleni. Walibishana njia nzima ya kurudi. Je, ni zawadi iliyofichwa ili bibi asione aibu, au ni deni kweli? Na nani atalidai? Mwalimu alitembea nyuma yao bila kutoa hukumu. Mwishowe waliliandika kama deni, pamoja na mahali shamba lilipo na mwezi wa kupanda, kwa maneno ambayo mdogo wao wa kidato cha kwanza angeyaelewa bila kumwuliza mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema. Hapa daftari lilipaswa kuwaelekeza watu wasiowahi kumwona mdaiwa.

Bibi naye hakukosea. Mche wa bure mara nyingi huliwa na mbuzi, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuujengea uzio. Wa kwake ulizungushiwa miiba siku ileile.

Msimu ulipokwisha, wanafunzi walipiga kura juu ya fedha iliyobaki. Wengi walitaka tangi la maji. Mwalimu aliona ni mapema mno. Yeye angenunua visu vizuri na viriba zaidi, maana maji ya kijito bado yanatosha. Maoni hayo aliwaambia baada ya tangi kufika, walipomuuliza.