Ramani Iliyohamia Machoni pa Fundi

Ndege ya Boeing 747-400 ina nyaya zenye urefu wa karibu kilomita 275. Ukizitandaza barabarani kuanzia Dar es Salaam, zitafika Morogoro na nyingine zitabaki. Sehemu kubwa ya wayaringi ya ndege kama hiyo haianzii ndani yake. Mafundi huiandaa chini, tita la nyaya baada ya tita, juu ya mbao pana za plaiwudi zilizobandikwa mchoro wenye ukubwa uleule wa tita lenyewe. Vigingi vimepigiliwa pale waya unapokata kona. Fundi anaulaza waya, anaupitisha kwenye vigingi vyake, kisha anachukua mwingine.

Kazi ni ya mikono, lakini muda mwingi unaliwa na macho. Mtazame fundi aliyeshika kiunganishi kimoja tu, kile kichwa cha duara chenye matundu madogo yaliyosongamana. Anasoma namba iliyochapwa kwenye waya, anageukia karatasi, anaitafuta namba hiyo kwa kidole, anakuta tundu lake, anarudisha macho mkononi, halafu anahesabu matundu upya kwa sababu hesabu imempotea njiani. Waya mmoja umechomekwa. Bado kuna nyingine chungu nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wawili wa Boeing katika jimbo la Washington, Tom Caudell na David Mizell, walipewa tatizo hilo. Kilichowasumbua zaidi ni mbao. Matita hutofautiana kati ya ndege na ndege, kwa hiyo mbao zilikuwa nyingi, zinataka ghala, na injinia akibadilisha mchoro lazima ubao nao ubadilishwe. Wakapendekeza ubao uachwe mtupu. Fundi avae kioo kinachopitisha mwanga, na kompyuta imchoree njia ya waya mmoja, ule alioushika wakati huo. Ubao mmoja ungetumika kwa tita lolote. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1992, na jina walilolitumia ndilo tunalolifasiri leo kama uhalisia ulioongezwa.

Hesabu yao ilikuwa ya kijanja. Katika uhalisia pepe, kompyuta hulazimika kuchora kila kitu mtu anachokiona, tangu sakafu hadi kivuli. Hapa dunia ipo tayari mbele ya fundi. Inayotakiwa ni mistari michache. Hata kompyuta dhaifu za siku zile zingeweza. Lakini nafuu hiyo ina gharama yake, na wenyewe waliiona mapema: mistari michache lazima ikae mahali pake hasa, la sivyo haina maana.

Tufanye hesabu. Chukua fundi anayegeuza kichwa kwa kasi ya nyuzi 50 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu wa mtu anayefanya kazi. Tuseme kompyuta inachelewa kutambua mgeuko huo kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchoro utakuwa nyuma kwa nyuzi 5. Kwenye ubao ulio sentimita 60 kutoka machoni, nyuzi 5 ni zaidi ya sentimita 5 pembeni. Akitulia, mstari unarudi mahali pake. Akigeuka tena, unateleza. Hapo mstari unaelekeza kigingi cha jirani, na fundi makini ataacha kuuamini.

Ivan Sutherland, aliyetengeneza kifaa kama hicho cha kuvaliwa kichwani mwaka 1968, alifuatilia kichwa cha mvaaji kwa mkono wa chuma ulioning'inizwa darini. Kiwandani mtu hawezi kufungwa darini siku nzima. Boeing ilikuja kutumia kamera iliyovaliwa kichwani, ikisoma alama zilizowekwa ubaoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa kiwanda cha Boeing cha Everett walitengeneza matita halisi kwa njia hiyo. Ilithibitika kwamba inawezekana, ila haikugeuka kuwa kazi ya kila siku.

Baadaye Boeing na Chuo Kikuu cha Iowa State walifanya jaribio ambalo kwangu lina thamani kuliko maonyesho mengi ya kupendeza. Watu waliunganisha kipande cha kuigiza cha bawa la ndege, hatua zipatazo 50. Kundi la kwanza lilisoma maelekezo kwenye kompyuta ya mezani, la pili likasoma maelekezo yaleyale kwenye kishikwambi, na la tatu lilielekezwa na kishikwambi kilichochora vipande juu ya picha ya bawa lenyewe. Kundi la tatu liliokoa karibu asilimia 30 ya muda, na makosa ya mara ya kwanza yakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Uzuri wake ni lile kundi la katikati. Bila hilo tusingeweza kutenganisha faida ya mchoro na faida ya kutolazimika kutembea hadi mezani.

Mwaka 2016 ikaja habari ya Google Glass, miwani ya kielektroniki ya Google. Boeing ilisema imepunguza muda wa kuandaa matita kwa asilimia 25, na makosa kwa karibu nusu. Takwimu hizo ni za kampuni yenyewe, na zinalinganisha Glass na faili ndefu kwenye kompyuta ndogo, ambamo fundi aliacha waya ili aandike namba na kutafuta. Hata hivyo nazichukulia kwa uzito, kwa sababu ya kile ambacho Glass haikufanya. Kioo chake ni kidogo, juu ya jicho moja, na hakijui ubao uko wapi. Hakichori mstari wowote juu ya kigingi. Lile tatizo la sentimita 5 halikutatuliwa, liliachwa kando.

Glass yenyewe haiuzwi tena. Google iliisitisha mwaka 2023. Lakini utaratibu wake wa siku zile unafaa kutazamwa kwa karibu. Fundi anaskani msimbo wa kazi, maelekezo yanafunguka. Anatamka namba ya waya, tundu linaandikwa pembeni mwa jicho lake. Kuhesabu matundu bado ni juu yake, ila sasa kidole gumba hakijaondoka kwenye kiunganishi.