Asilimia 75 ya Nini? Tiba ya Sanaa na Namba Inayosambaa

Huenda umeshakutana na ujumbe huu kwenye magrupu ya WhatsApp: kuchora kwa dakika 45 kunapunguza msongo kwa asilimia 75. Mimi niliupata kwa rafiki yangu, miezi michache baada ya kumzika mama yake. Alikuwa amenunua daftari na kalamu za rangi, akachora jioni nne mfululizo. Ya tano akanipigia: "Mbona kwangu haupungui? Au mimi nina tatizo?"

Hebu tuifuate hiyo namba ilikotoka.

Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2016. Watu wazima 39 walipimwa mate kujua kiwango cha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo. Wakapewa kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na karatasi za kubandika, wakatengeneza walichotaka kwa dakika 45, kisha wakapimwa tena. Kotisoli ilishuka kwa takriban asilimia 75 ya washiriki.

Umeona? Ni asilimia 75 ya watu, siyo ya msongo. Kwa robo iliyobaki haikushuka, na hakuna aliyesema wana kasoro.

Kuna mengine matatu. Kwanza, washiriki walikuwa watu wenye afya, hawakuchaguliwa kwa sababu wamefiwa au wana kiwewe. Pili, hakukuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wa kukaa tu dakika 45 wakinywa chai na kupiga soga. Kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka yenyewe kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo ni vigumu kujua kuchora kumechangia kiasi gani. Tatu, chumbani alikuwepo mtaalamu wa tiba ya sanaa. Rafiki yangu alikuwa peke yake na daftari.

Watafiti hawakudanganya. Sisi wasambazaji ndio tuliochukua namba tukaacha maelezo yake.

Ukiweka kundi la kulinganisha, mambo yanaweza kubadilika. Jaribio la MATISSE la Uingereza, lililochapishwa 2012, lilihusisha watu 417 wenye skizofrenia. Baada ya miaka miwili, waliopangiwa tiba ya sanaa ya kikundi hawakuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, ingawa wengi walihudhuria kwa nadra. Skizofrenia siyo msiba, lakini funzo ni lile lile: "inapendeza kufanya" na "inatibu" ni madai mawili tofauti.

Sasa usitupe kalamu zako. Kwenye tiba ya sanaa hasa, unachochora kinakuwa kitu ambacho wewe na mtaalamu mnaweza kukitazama pamoja, ukakizungumzia ukiwa tayari, au usikizungumzie kabisa. Kwa mtu ambaye kila akianza kusimulia koo linakaba, hiyo ni sababu tosha ya kujaribu. Ila ukijaribu usione nafuu, hujafeli mtihani. Na kama usingizi na chakula vimekataa kwa wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya ya akili, usisubiri daftari lijae.

Rafiki yangu nilimjibu hivyo hivyo. Siku hizi Jumamosi tunachora wawili. Kotisoli hatupimi.