Zimwi Halina Ngeli Moja: Upatanisho na Maumbile ya Viumbe wa Kubuni katika Fasihi ya Kiswahili

Methali isemayo “Zimwi likujualo halikuli likakwisha” hufundishwa kwa ajili ya maana yake, na ni nadra mwalimu kusimama kwenye sarufi yake. Zimwi la methali hii linajua, linakumbuka, na linachagua amle nani na kwa kiasi gani. Kwa kigezo chochote cha busara ni kiumbe mwenye akili. Hata hivyo limepatanishwa kwa li-, sawa na jiwe na shoka. Msimulizi wa ngano, kwa upande wake, aweza kusema “zimwi akamwambia” katika sentensi moja na “zimwi likaondoka” katika ile inayofuata, na hadhira isishtuke. Kuyumba huku si uzembe wa usimulizi. Hapo ndipo Kiswahili kinapoamua kiumbe ni wa namna gani kabla hajapewa jicho, mkono wala tumbo, na hapo ndipo uhakiki wa bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili unapostahili kuanzia.

Kwa kawaida hauanzii hapo. Huanzia kwenye istiari, na mara nyingi huishia hukohuko. Sababu yake inaeleweka. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani, lakini hakuwapa wakazi wake pafu jipya la kuvutia hewa ya huko. Ni watu, na makosa ya serikali yao ni ya watu. Katika Walenisi (1995) Katama Mkangi alimpeleka Dzombo kwa chombo cha angani hadi sayari ambayo jina lake lenyewe linafumbua fumbo: wale ni sisi. Msomaji aliyetarajia magamba na mikia anakuta jamii ya watu wenye usawa. Kutokana na vitabu vya aina hii imezoeleka kudhani kwamba bunilizi ya Kiswahili haina haja na baiolojia ya viumbe wageni, kwamba kila kiumbe wa ajabu ni mtawala au mnyonge aliyevikwa ngozi nyingine, na kwamba kazi ya mhakiki ni kumvua ngozi hiyo.

Dhana hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba istiari na baiolojia hushindana. H. G. Wells, aliyesoma baiolojia kwa T. H. Huxley, aliwapa watu wa Mars wa riwaya yake ya 1898 mwili uliofikiriwa kwa makini: hawana mfumo wa kumeng’enya chakula, hujitia damu ya viumbe wengine moja kwa moja mishipani, na mwishowe huuawa na bakteria ambao miili yao haikuwahi kupambana nao. Katika sura ya kwanza ya kitabu hichohicho Wells anawataja Watasmania walioangamizwa na wakoloni. Istiari ya ukoloni inasimama juu ya baiolojia hiyo. Ikiondolewa bakteria, riwaya inakosa mwisho na istiari inakosa makali. Darko Suvin alipoifafanua bunilizi ya kisayansi mwaka 1979 kuwa ni fasihi ya ugenishaji wa kiutambuzi, alidai vyote viwili kwa pamoja: kitu kiwe kigeni, na ugeni wake ufuate mantiki.

Kasoro ya pili inauhusu moja kwa moja uwanja wa Kiswahili. Ni kutafuta maumbile katika maelezo pekee, ilhali lugha hii imekwisha kuyaweka katika kitenzi. Kanuni inajulikana: nomino ya mtu au mnyama, hata iwe na umbo la ngeli gani, huvuta upatanisho wa a- na wa-. Kiboko anakuja, simba amelala, kipofu ameona. Lakini kanuni hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo yenye utajiri. Mti una uhai, unakula, unazaa na unakufa, lakini hausemwi kwa a-. Uhai unaohesabiwa na sarufi, basi, si ule wa maabara. Ni uhai wa pumzi na mwendo. Ukubwa na udogo nao huweza kuivunja kanuni kutoka ndani: jitu hili limefika, kijitu hiki kinalalamika. Hapo mtu hakupoteza uhai. Amepunguziwa hadhi, au ameongezewa kitisho. Zimwi la methali limo katika kundi hili. Li- yake haisemi kwamba halina roho, bali kwamba roho yake haiko upande wetu.

Atakayesema kwamba mambo haya ni mazoea tu, yasiyobeba fikra yoyote, na atazame neno virusi. Lilipoingia Kiswahili, vi- yake ilisomwa kama kiambishi cha wingi, na umoja wake ukazaliwa: kirusi. Kitu ambacho wanabaiolojia wenyewe wanabishana kama ki hai kikajikuta katika ngeli ya vitu, na wasemaji wengi husema virusi hivi vinaenea, wakati kunguni hawa wanaenea. Bakteria bado wanatangatanga. Kuna anayesema hawa na kuna anayesema hizi. Hata kiumbe, neno ambalo lingetarajiwa kuwa mwamuzi, lina sura mbili: katika maandishi ya sayansi huonekana viumbe hai vyote, na katika mazungumzo viumbe wote. Lugha iliyo na mpaka unaohama kiasi hiki ina ala ya ugenishaji ambayo Kiingereza cha Wells hakikuwa nayo.

Mfano mmoja wa jinsi ala hiyo inavyofanya kazi, hata bila mwandishi kuikusudia, umo katika Adili na Nduguze (1952). Hasidi na Mwivu wanageuzwa nyani kwa adhabu. Katika lugha nyingi badiliko hilo lingeonekana mara moja kwenye kiwakilishi. Katika Kiswahili halionekani: ndugu aliyekula na nyani aliyekula wana a- ileile. Mwili umebadilika, upatanisho umebaki, na kwa hiyo kila kiboko kinachompiga nyani kinampiga ndugu ndani ya kitenzi chenyewe. Wahakiki huzungumzia sana maadili ya hadithi hiyo. Kinachostahili kuongezwa ni kwamba sarufi inakataa kuwafukuza wale ndugu wawili katika ukoo wa watu, na ukatili wa adhabu unatoka huko kwa sehemu kubwa.

Popobawa aliyeitikisa Zanzibar mwaka 1995 ni kisa cha namna nyingine, kwa kuwa waliomsimulia hawakuwa wakibuni riwaya. Jina lake ni mwili mtupu: popo na bawa. Bawa peke yake ni la li-, lakini kiumbe mzima husemwa kwa a-, kama mgeni aliyebisha hodi. Zimwi la methali liko mbali, katika ngano, na linaweza kuachiwa li-. Yule anayehofiwa usiku huuhuu hupewa nafsi.

Tofauti ya maumbile na sarufi huonekana wazi zaidi pale Kiswahili kinapokaa na lugha zisizo na ngeli za Kibantu. Gitting, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, iko katika eneo ambalo Kiswahili hukutana na Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na Kidatooga, lugha ya Kinailoti. Kiiraqw kina jinsi tatu za kisarufi, na umoja na wingi wa nomino ileile huweza kuwa na jinsi tofauti. Mfumo huo haumdai msemaji atenge kwanza chenye pumzi na kisicho na pumzi. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo hukutana na kanuni ya a- na wa- darasani kama uamuzi, si kama mazoea ya kinywa. Swali lake, kwa nini mti unakua na siafu anakua, ni swali la baiolojia ya kubuni hata kama hajui kuwa linaitwa hivyo. Kwa kawaida hujibiwa kwa wino mwekundu. Akiandika insha yenye mti anayetembea, alama hupungua. Lakini mimea inayotembea na kuwinda ndiyo iliyompa John Wyndham riwaya yake mashuhuri zaidi, iliyotoka mwaka uleule wa Kusadikika. Mti anatembea ni sentensi sahihi katika ulimwengu ambamo mti ana nia. Mti unatembea ni sahihi pia, katika ulimwengu mwingine, na pengine wa kutisha zaidi. Mwalimu anayefuta moja kati ya hizo anafuta dunia nzima.

Ala hii ina gharama zake. Ursula K. Le Guin aliandika mwaka 1969 juu ya watu wasio na jinsia ya kudumu, akalaumiwa kwa kuwaita kwa kiwakilishi cha kiume. Octavia Butler, mwaka 1987, aliwapa Waoankali wake jinsia ya tatu, ooloi, na Kiingereza kikalazimika kuwaita kwa kiwakilishi cha vitu. Kwa Kiswahili tatizo la Le Guin linayeyuka, kwani yeye ni yeye. Lakini pamoja nalo linayeyuka pia lile ambalo Butler alitaka msomaji alihisi katika kila sentensi, yaani kwamba aliye mbele yake si mke wala mume. Mfasiri angelazimika kuutafuta ugeni huo kwingine, labda katika ngeli, na kumsema ooloi kwa ki- kungekuwa tusi ambalo Butler hakulitia.

Mtihani mgumu kuliko yote ni bahari ya Solaris, riwaya ya Stanisław Lem ya 1961. Bahari hiyo huifunika sayari karibu yote, hujenga maumbo makubwa na kuyabomoa, na huwaumbia wanasayansi wageni kutokana na kumbukumbu zao. Maktaba nzima ya nadharia imeandikwa ndani ya riwaya kubishana kama ina akili. Katika Kiswahili ubishi huo unafika kwenye kitenzi cha kwanza. Bahari inawaza inabaki na mashaka. Huenda ni kama kusema moto unakula. Bahari anawaza inamaliza kesi. Mfasiri anaweza kuanza na i- na kuhamia a- pale mgeni wa kwanza anapotokea kituoni, akawa ameamua suala ambalo Lem aliliacha wazi hadi ukurasa wa mwisho. Anaweza kuwagawia wahusika, wanaoamini wakasema a- na wanaokanusha wakasema i-, ubishi ukasikika bila maelezo. Au anaweza kushikilia i- tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mhusika mkuu anayeinyooshea mkono ufukweni na kuona wimbi likiuzunguka bila kuugusa.